Zizi Namba Thelathini na Moja

Igoma, Mwanza
9 Machi 1998

Dada Wilhelmina,

Shikamoo. Huku mvua zimetuachia nyumba, ila choo cha jirani kimekwenda na maji na sasa tunatumia kimoja kaya mbili. Wifi yako Winnie anakusalimu. Anasema karanga zako zimekwisha na wewe ndiye uliyetuzoesha vibaya.

Nimesikia habari za mto. Dereva wa gari la barafu linalofuata sangara kwenye mwalo wenu, pale mnaposhushia samaki, ameniambia Luhama umeacha njia yake ya siku zote, ukavunja udongo na kutokea ziwani upande wa magharibi. Kwa hiyo mwalo, pamoja na zile kaya arobaini za kijiji chetu zilizo karibu nao, sasa viko ng'ambo ya maji. Na hati za serikali zinasema kwamba huko kwetu mpaka wa mkoa wa Mwanza na mkoa wa Mara ni Mto Luhama. Wajita wa Bukenge, kijiji cha upande wa Mara, wanasema mto ni mto, ulipo ndipo mpaka ulipo. Kamati ya mikoa miwili itakaa mwezi wa sita kuamua kama mpaka ufuate maji mapya au ubaki kwenye mkondo mkavu.

Nina ombi. Katika ofisi yetu ya ramani kuna picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1957. Mwagungu yote inaonekana, na ndani yake madoa meusi ya mviringo thelathini na moja. Ni mazizi ya ng'ombe, samadi ndiyo iliyotia udongo weusi. Nimeyanakili kwenye karatasi hii ya kuchorea na kuyapa namba. Niandikie kila zizi lilikuwa la nani. Ni hamu yangu tu ya kujua.

Mdogo wako,
Revocatus


Mwagungu
22 Machi 1998

Revo,

Marahaba. Hamu yako tu! Mtoto aliyekuwa akitoroka machungani hadi baba anamfuata na fimbo, leo ana hamu ya mazizi. Haya, mimi ni dada yako, nimekwenda.

Nimetembea siku tatu. Gladness, mke wa mwanangu, alishika karatasi yako na mimi nilishika fimbo. Huna haja ya ndege, mdogo wangu. Palipokuwa na zizi mpaka leo mahindi yanasimama juu ya mengine, na maboga yanabebwa na watu wawili.

Namba 1 mpaka 4 ni ukoo wa Chenge, ndugu wanne waliogombana juu ya dume moja na hawakusalimiana miaka kumi, lakini mazizi yao yalipakana kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuhama. Namba 9 ni la Kashindye, mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, akachunga mwenyewe akiwa na mkuki. Wanaume walimcheka msimu mmoja, msimu wa pili wakaenda kumkopa maziwa. Namba 12 ni la mhunzi, majembe ya nchi hii yote hadi Bukenge yalitoka kwake. Namba 17 lilikuwa la mbuzi, la Yahaya, mnunuzi wa ngozi aliyetokea Tabora. Alijenga msikiti wa nyasi, na siku ya mazishi yake kaburi lilichimbwa na Wakristo na wasiokuwa na dini yoyote, Mwislamu mmoja akisimama kuwaelekeza. Namba 22 ni la Bwire, Mkerewe, aliyekuja na mtumbwi wa kushonwa na hakuwahi kujifunza Kisukuma bila kutuchekesha.

Mengine nimeyaandika nyuma ya karatasi, jina la mwenye zizi, la mkewe, na alikotoka. Nimemuuliza kila mzee aliyebaki. Kuna watu wanasema Mwagungu ni kijiji cha Operesheni Vijiji, cha watu walioletwa tu. Waje niwatembeze. Mwaka 1974 tulipakiwa kwenye malori tukashushwa kule barabarani, kweli. Tulitolewa wapi? Hapa. Na mwaka 1985 tulirudi wapi? Hapa hapa, kila mtu kwenye matongo, yale mahame ya babu yake, na hakuna aliyepotea njia.

Namba 31 sikuliona vizuri. Karatasi ilikunjika hapo.

Dada yako,
Wilhelmina


Igoma
6 Aprili 1998

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Winnie kwa sauti, na tulipofika kwa Kashindye alinikatiza akanitaka nirudie. Nimefanya kazi ya ramani miaka ishirini na sita. Nimechora mito, reli, mashamba ya watu nisiowajua. Sikuwahi kuandika jina la mtu wa kwetu hata mmoja. Nimejisikia fahari ambayo sikuitegemea, naisema wazi.

Lakini hiyo karatasi niliituma ikiwa imeviringishwa, haina mkunjo.

Namba 31 liko peke yake, kubwa kuliko yote, juu kidogo ya mwalo. Unalijua. Ndipo baba alipokuwa akitupeleka kila baada ya mavuno kumwaga togwa juu ya kaburi la babu Ngosha. Nami najua desturi yetu, mwenye kaya huzikwa ndani ya zizi lake, katikati ya ng'ombe wake. Anayelala ndani ya zizi ndiye mwenye zizi. Basi 31 ni la Ngosha, na Ngosha ndiye aliyekuwa na zizi kubwa kuliko wote pwani ile! Kwa nini baba hakutuambia? Mimi ningetembea kifua mbele tangu darasa la kwanza.

Nimeliandika hivyo. Nithibitishie tu.

Revocatus


Mwagungu
19 Aprili 1998

Revo,

Marahaba. Hapa tumekuwa na kikao na watu wa Bukenge, pale kwenye daraja la magogo. Walikuja wengi, nasi tukaja wengi zaidi. Kwa upande wao alisimama mzee mmoja, Masatu Mafuru, mtu mrefu, mwenye adabu, lakini ulimi wake una chumvi. Alisema, "Nyinyi ni watu wa malori. Mlishushwa na mtapandishwa tena." Wenzake wakacheka mpaka wakapigana mabega.

Nilisimama nikamwambia, "Shikamoo mzee Masatu. Mimi lori lilinikuta nina mtoto wa nne mgongoni na mahindi yameshachanua shambani. Niambie, mtu wa malori hupanda mahindi hewani?" Basi na wetu wakacheka. Kikao kikavunjika bila neno la maana, kila upande ukiamini umeshinda.

Vijana wetu wanaongea habari ya mwalo tu. Zamani samaki alioza, tulimkausha, tulimgawa. Sasa tangu masharti ya biashara yalegezwe na viwanda vya samaki vifunguliwe huko mjini, gari la barafu linafika kila siku, na kijana wa miaka ishirini amejenga nyumba ya bati. Mwalo ukienda Bukenge, watalazimika kuomba ruhusa ya kutia nanga kwenye maji waliyozaliwa nayo.

Juu ya lile zizi, usiandike kitu bado.

Wilhelmina


Igoma
11 Mei 1998

Dada,

Shikamoo. Nimeshaandika, na sasa nikuambie kwa nini.

Haikuwa hamu tu. Mimi ndiye niliyepewa kuchora ramani ya kamati. Mkuu wangu hajui kwamba nimezaliwa Mwagungu. Anajua mimi ni Msukuma wa Magu, basi, na wilaya ya Magu ni kubwa. Ningesema, kazi angepewa mwingine, mtu ambaye angeona madoa meusi na kuyapita. Nilinyamaza kwa ajili yenu.

Sikiliza vizuri. Kamati haitaangalia maji peke yake. Imekubali kuangalia nani alikuwa pale kabla. Yale mazizi thelathini yote yako bara, yanalinda kaya arobaini. Namba 31 ndilo pekee lililo pwani. Mwalo wote umesimama juu ya zizi hilo moja. Likiwa la Ngosha, mwalo ni wetu na hakuna wa kubisha. Watakaa hapo hapo kijijini, Jumatano tarehe 24 Juni. Wewe utaitwa kusema, kwa sababu majina yametoka kwako. Sema tu kwamba 31 ni zizi la babu yako. Maneno machache tu.

Revocatus


Mwagungu
17 Mei 1998

Revo mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara tatu. Keti chini uisome.

Babu yetu Ngosha hakuwa na zizi. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikuja pwani hii kutoka kusini, mwaka ambao tauni ya ng'ombe ilimaliza kundi lake lote, yeye, bibi, na baba yetu akiwa mtoto wa kubebwa. Alipokelewa na Mjita mmoja, Mafuru. Ndiyo, ndiye huyo, babu yake Masatu. Zizi ni lake. Alimpa Ngosha mahali pa kujenga na kumfundisha kuvua, mtu ambaye alikuwa akiogopa maji yanayofika magotini.

Baada ya miaka sita Ngosha aliugua akafa. Bibi alikaa chini akalia, si kwa kifo tu. Alilia kwa sababu mumewe, mtu aliyewahi kuwa na ng'ombe themanini, angezikwa kichakani kama mtu asiye na kwao. Mafuru alimsikia. Wajita hawaziki ndani ya zizi, desturi ile ni yetu. Lakini alitoa ng'ombe wake wote nje mchana kweupe, akafungua ua wake, akachimba kwa mikono yake katikati ya zizi lake, akamlaza mgeni wake humo kwa heshima ya kwao. Kisha akarudisha ng'ombe, wakalala juu yake. Ndugu zake walimnunia mwaka mzima.

Mafuru alipokufa wanawe walihamia ng'ambo kwa mjomba wao, wakamwachia baba ile ardhi aitunze. Baba alipata ng'ombe wake, akawalaza pale pale kabla wewe hujazaliwa, na watu wakasahau. Yeye hakusahau. Bibi alinihadithia mimi mwaka aliokufa, baba aliposikia akanikataza nisikuambie. Aliona aibu kwamba babu alikufa mikono mitupu. Nami nilibeba aibu ile miaka arobaini na sita bila kuichungulia ndani.

Sasa nimeichungulia, na sioni aibu yoyote. Naona mtu ambaye jirani yake alimpenda kiasi cha kufungua zizi. Wangapi pwani hii waliwahi kufanyiwa hivyo? Unataka kutembea kifua mbele, tembea kwa hilo.

Futa ulichoandika. Siwezi kusimama juu ya kaburi lile nikamnyang'anya Mafuru zizi lake.

Wilhelmina


Igoma
30 Mei 1998

Dada,

Shikamoo. Nimekasirika na sitaki kujifanya sikukasirika.

Mafuru alikufa, Ngosha alikufa, na hakuna kati yao atakayekosa usingizi. Wavuvi wetu ndio watakaokosa. Utawaambia nini? Kwamba mwalo umekwenda kwa sababu bibi alikusimulia jambo mwaka 1952? Masatu mwenyewe halijui, angelijua angelisema pale kwenye daraja. Nyamaza tu. Sikuombi useme uongo tena, nakuomba unyamaze. Umenyamaza miaka arobaini na sita, ongeza mwezi mmoja.

Revocatus


Igoma
8 Juni 1998

Dada,

Shikamoo. Barua iliyotangulia ilishapanda basi kabla sijairudisha. Ukiipokea, itie jikoni.

Winnie alinikuta nimeikalia ramani nyumbani, akaniuliza namba 31 ni la nani. Nikamweleza yote. Akasema, "Kumbe ninyi mna deni la heshima kwa watu wa ng'ambo na wewe unataka kulilipa kwa kuwanyang'anya zizi la babu yao." Kisha akaenda kuosha vyombo. Unamjua wifi yako, hasemi mara mbili.

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia mimi ni mtu wa Mwagungu. Hakupiga kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Kazi amepewa Jonathan, kijana mpole mwenye mkono mzuri. Mimi nachora viwanja vya Igoma. Majina thelathini nimemkabidhi kama ulivyoyaandika. Mbele ya namba 31 nimeandika kwa wino: Mafuru, Mjita.

Nilisubiri wino ukauke ndipo nikamwachia karatasi.

Revocatus


Mwagungu
28 Juni 1998

Revo,

Marahaba. Barua ya hasira niliitia jikoni kama ulivyoagiza, lakini niliisoma kwanza.

Walikuja na magari manne. Jonathan wako alitandaza ramani juu ya meza ya shule, na sisi na watu wa Bukenge tukaketi tukitazamana. Mwenyekiti akaanza kuita namba. Namba moja, Chenge. Namba mbili, Chenge. Kwa kila jina alisimama mjukuu au kilembwe akasema, "Nipo." Thelathini, Revo! Kwa Kashindye walisimama wanawake tisa kwa mpigo. Kwa Yahaya alisimama Mwaija, kitukuu wake, ambaye ana duka pale senta. Watu wa magari waliacha kuandika wakabaki wanatazama. Nami nilijiambia, hata nikifa leo nimeona kijiji changu kikisimama.

Kisha akaita thelathini na moja. Vijana wa mwalo waligeuka wote kunitazama. Nilisimama nikasema, "Zizi hilo si letu. Ni la Mafuru wa Bukenge." Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Mama ametuuza." Sikugeuka. Nilieleza yote kama nilivyokuandikia wewe, tauni, maji ya magotini, ua uliofunguliwa, ng'ombe waliolala juu. Hata kilio cha bibi nilikieleza.

Masatu alikuwa ameshika kofia yake. Mwenyekiti akataka kuendelea, yeye akainua mkono. Ndipo akasema, "Kwetu tuliambiwa mle ndani amelala Msukuma. Jina hatukupewa. Baba yangu alikuwa akipita hapo anavua kofia, nami navua, hatujui tunamvulia nani." Akaniuliza, "Anaitwa nani, mama?" Nikasema, "Ngosha." Akalirudia taratibu, Ngosha, na wazee wa Bukenge wakalirudia.

Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kupinga katika yale majina thelathini. Akajibu, "Mtu aliyejinyima lake mbele ya watu wake, mimi nimpinge kwa yapi? Andika."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani, na kaya arobaini ni zetu. Ila zizi ni la Bukenge, na pamoja nalo ile nusu ya mwalo yenye ardhi ngumu. Gari la barafu litasimama kwao. Wetu watavuta mitumbwi upande wa matope na kubeba samaki kwa mabega. Vijana wawili hawanisalimii mpaka leo, na sina la kuwalaumu. Hasara ni ya kweli, naiona kila asubuhi.

Nilimwambia Masatu, kama wanataka, tutamhamisha babu tumlete upande wetu. Alikuwa mkali kweli. "Mgeni wa babu yangu hahamishwi. Na ninyi mkija kumwona asiwepo mtu wa kuwauliza mnakwenda wapi." Akamfanya mwenyekiti aliandike na hilo. Jioni ile walituletea furu, wale samaki wadogo, wa kukaanga, sisi tukapeleka maziwa, na utani wa malori ukaanza upya, safari hii tukicheka pamoja.

Dada yako,
Wilhelmina


Igoma
12 Februari 1999

Dada,

Shikamoo. Ramani imetoka kiwanda cha uchapaji jana. Jonathan aliniletea nakala mezani kwangu kabla hajampelekea mkuu. Aliiweka tu akaenda.

Mpaka unashuka kwenye mkondo mkavu, umenyooka, mstari safi. Karibu na ziwa unauacha mkondo, unazunguka upande wa magharibi, unaizingira nafasi ndogo ya mviringo, halafu unarudi na kuingia majini. Kwenye karatasi kizingo hicho hakifiki milimita nne. Hakuna jina lililoandikwa hapo, ramani ya kipimo kile haina nafasi.

Leo alikuja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mtu mzima wa suti. Alisimama mbele ya ramani ukutani, akaweka kidole pale pale, akacheka, akauliza ofisi nzima, "Huyu mchoraji alikuwa anapiga chafya?" Jonathan alinitazama. Niliweka kalamu chini nikasimama, dada, nikasema kwa sauti ambayo nadhani hata wa chumba cha pili waliisikia.

Nikamwambia, "Hapana mzee, huo mstari ni sahihi. Hapo amelala babu yangu, ndani ya zizi la Mafuru."

Mdogo wako,
Revocatus